Semliki ilihama, ao ni ramani yangu?

Ramani yangu ilikaa saa mbili tu mu grupu ya WhatsApp ya promosyo yetu. Ilikuwa na mistari miwili. Wa buluu ni Semliki ya leo, nilioufuata kwenye picha ya setilaiti. Wa kahawia ni Semliki ya zamani, kutoka karatasi ya Uganda ya kipimo cha 1:50,000 iliyochorwa wakati wa Waingereza. Mistari haikulala pamoja. Karibu kila fasi, ule wa buluu ulikuwa umesogea kusini na mashariki kidogo, yaani upande wa Uganda, kwa mita 300 hivi. Nikaandika maneno mawili matatu ya kujivuna chini yake, nikaenda kula.

Kurudi, nikakuta mtu amekwisha kupaka rangi nyekundu nafasi yote iliyo katikati ya mistari ile, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: HII NI ARDHI YETU. Ilikuwa imekwenda tayari mu grupu zingine tatu.

Mnaosoma ukurasa huu wengi ni watoto wa Ituri, kwa hiyo sitaeleza sana kwa nini chakula kile kilinigeukia tumboni. Kwetu neno “mpaka” halibaki darasani. Nilifuta ramani, nikapiga simu kwa wale niliowajua, nikaomba wafute nao. Wawili walikubali. Mmoja aliniambia: “Wewe unaogopa nini? Si ni syansi?”

Lakini ramani ilikuwa na kosa. Nataka kuwaeleza kosa lenyewe, maana ndani yake kuna historia ya mpaka wetu ambayo mimi, na lisansi yangu yote, sikuwa naijua.

Tuanze na mto. Semliki inatoka Ziwa Edouard, pale Ishango. Inapita mbuga ya Virunga, inapita mu msitu chini ya Ruwenzori upande wa magharibi, halafu inashuka mu bonde tambarare hadi Ziwa Albert, kusini ya Kasenyi. Kipande cha juu chote kiko ndani ya Kongo. Ni kuanzia pale mto Lamia unapoingia ndani yake ndipo Semliki inageuka mpaka: ng’ambo moja Irumu, ng’ambo ya pili Ntoroko. Mito ya Bunia, sisi, inaenda njia nyingine kabisa. Shari inaingia Ituri, Ituri inakuwa Aruwimi, na maji yetu yanafika Atlantiki. Maji ya Semliki yanaenda Nili na Misri. Kutoka mu mji wetu hadi kule chini ni mwendo wa asubuhi moja kwa pikipiki, na tayari uko upande mwingine wa Afrika.

Semliki haikuwa mpaka tangu mwanzo. Tangazo la Dola Huru la Kongo la 1885, na mkataba wa 1894 kati ya Leopold II na Waingereza, vilifuata meridiani ya 30 mashariki ya Greenwich, mstari uliochorwa kwa rula mu ofisi za Ulaya. Sasa fungueni simu, mtafute Bunia. Longitudo yake ni nyuzi 30 na dakika 15. Dakika 15 huku karibu na ikweta ni kilomita kama 28. Maana yake, kwa tangazo lile la 1885, fasi ambapo leo tunapanga foleni ya mafuta ilikuwa nje ya Kongo. Mji haukuwepo bado, lakini vilima vilikuwepo, na watu walikuwepo.

Miaka ya 1907 na 1908 tume ya Waingereza na Wabelgiji ilizunguka huku na darubini za kupimia. Tarehe 14 Mei 1910, kule Brussels, walikubaliana kuacha rula na kutumia vitu vya asili: vilele, mito, ziwa. Maandishi yenye maelezo yote yalitiwa sahihi London tarehe 3 Februari 1915, Ulaya ikiwa mu vita. Kwa Semliki walichagua talwegi, yaani mstari unaounganisha sehemu zenye kina kirefu kuliko zote mu kitanda cha mto. Mu ofisi neno hilo ni zuri. Mtumbwi unapita kwenye kina, basi kila upande unapata haki ya kupita. Mimi naona shida moja tu, kwamba waliandika juu ya mto kama vile wanaandika juu ya ukuta.

Kuna kitu kingine wapimaji wale walifanya, na ndicho kilichokuja kuniuma mimi miaka mia na zaidi baadaye. Mwaka 1908 na 1909, baada ya kazi ya mpaka, walipima magharibi ya Uganda kipande cha tao la meridiani ya 30. Ulikuwa mradi mkubwa wa kupima dunia kutoka kusini ya Afrika kwenda kaskazini, pembetatu kwa pembetatu, kilima kwa kilima. Vipande vilipounganishwa na kupigiwa hesabu upya, vilizaa misingi ya ramani inayoitwa Arc 1950 na Arc 1960. Karatasi yangu ya Uganda imesimama juu ya Arc 1960. Setilaiti na simu zetu zinatumia msingi mwingine, WGS 84.

Msingi huo, wataalamu wanauita datamu, ni makubaliano juu ya umbo la dunia na fasi ilipo senta yake. Ukichukua namba zilezile za koordinate na kuziweka kwenye misingi miwili tofauti, unapata fasi mbili tofauti. Kati ya Arc 1960 na WGS 84, huku kwetu, tofauti ni mita kama 300 kaskazini na kusini, na mita sabini na kitu mashariki na magharibi. Ukisahau kubadilisha, ramani yote ya zamani inakaa kaskazini na magharibi kuliko inavyopaswa. Kwa hiyo mto wa leo unaonekana umekimbilia kusini na mashariki. Kwa mita 300.

QGIS iliniuliza datamu gani. Ni programu ya bure, na ina adabu, inauliza. Mimi nilibonyeza OK bila kusoma.

Asista aliyekuwa anafuata memwari yangu hakunikaripia. Aliangalia ile mistari miwili kwa muda, akaniuliza: “Na kanisa nalo limehama?” Sikuelewa. Akaweka kidole juu ya njia panda ya zamani kwenye karatasi, halafu juu ya njia panda ileile kwenye setilaiti. Mita 300. Akaenda kwenye kona ya barabara nyingine. Mita 300. Nchi yote ilikuwa imehama pamoja na mto, makaburi na kila kitu, na mimi niliona mto peke yake kwa sababu ndio niliokuwa nautafuta.

Hapo niseme ukweli zaidi. Sikuangalia mara ya pili kwa sababu jibu lilinipendeza. Magazeti ya Uganda yalikuwa yamelalamika kwa miaka mingi kwamba Semliki inakula ng’ambo yao na kuiachia Kongo ardhi, na mwisho wa 2010 habari hiyo ilifika hadi kwenye magazeti ya Ulaya. Ramani yangu ilisema vilevile. Kosa likikubaliana na habari uliyokwisha kusikia, halifanani tena na kosa.

Nilipobadilisha datamu, sehemu kubwa ya ule “uhamaji” ikapotea palepale. Ila haikupotea yote. Kwenye kona kadhaa mistari ilibaki imeachana kweli, huku upande huu, kule upande ule. Mto ulihama. Lakini ni kona kwa kona, mara Kongo inapata, mara Uganda inapata, na hiyo si picha unayoweza kupaka rangi moja nyekundu.

Basi nikaanza upya, safari hii na picha za ndege.

Picha hizi wengi wetu hatujawahi kuziona. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji kwao na Waingereza kwao walirusha ndege juu ya makoloni, mistari kwa mistari kama mtu analima, kamera ikiangalia chini. Kila picha inafunika asilimia kama 60 ya ile iliyotangulia, ili ukiziangalia mbili pamoja kwa stereoskopu nchi isimame mbele yako, milima juu, mabonde chini. Kwa Waingereza idara ya kazi hiyo ilianzishwa 1946, na ndiyo iliyozaa karatasi za 1:50,000 za Uganda. Picha za upande wetu, nyingi sana, ziko Tervuren, mu jumba la makumbusho la Afrika ya Kati, na zimeanza kuingizwa kwenye kompyuta. Watafiti wa Kivu wamekwisha kutumia picha za miaka ya 1950 kufuata maporomoko ya ardhi na misitu iliyopotea. Inauma kidogo kwamba sura ya bonde letu la wakati wa babu zetu inatunzwa mu kabati la Ubelgiji. Hata hivyo imetunzwa. Nikikumbuka ofisi zilizochomwa huku kwetu, sijui kama ningekuwa na neno kali la kusema.

Nilipata skani nne. Tuchukue hesabu ya mfano, mwone jinsi zinavyofanya kazi. Kamera ya kawaida ya wakati ule ina lenzi ya milimita 152. Ndege ikiwa mita 6,000 hivi juu ya bonde, kipimo cha picha kinakuwa karibu 1:40,000. Karatasi ni ya sentimita 23 kila upande, basi picha moja inafunika kilomita tisa kwa tisa. Milimita moja ni mita 40 za ardhi. Ukiskani vizuri, kila pikseli inakuwa chini ya mita moja, na unaanza kuona mti mmoja mmoja, na njia za ng’ombe kwenda kunywa maji. Linganisha na Landsat ya kwanza, ile ya 1972, ambayo pikseli yake ni kama mita 80. Mto kama Semliki unaweza kujificha ndani ya pikseli moja. Landsat za baadaye zina mita 30, na Sentinel-2, iliyoanza kupiga 2015, ina mita 10.

Lakini picha ya ndege si ramani, na hapa wengi tunaanguka. Kitu kilicho juu kinaegemea nje, mbali na katikati ya picha. Bunia iko mita zaidi ya 600 juu ya ziwa, na ukuta wa Milima ya Bluu unapanda kutoka ziwani hadi kwetu kwa muda mfupi. Chukua fasi iliyo juu ya ukuta huo, mita 600 juu ya bonde, na kwenye picha iwe sentimita 10 kutoka katikati. Itakuwa imesukumwa nje kwa sentimita moja nzima. Kwa kipimo chetu ni mita 400! Mwanafunzi anayefunga picha yake kwa kutumia alama za juu mlimani, kwa sababu ndizo zinaonekana vizuri, anavuta bonde lote na mto wake. Nilitafuta alama za bondeni tu: njia panda, ukuta wa jengo la zamani, mwamba. Ni chache sana. Bonde la Semliki ni majani, mchanga na ng’ombe, na ng’ombe hasimami fasi moja tangu 1955.

Halafu swali la mstari wenyewe. Unafuata nini, maji ao ukingo? Mwezi wa pili maji yamepungua, mchanga umetoka nje, mto ni mwembamba. Mwezi wa kumi na moja umejaa. Ukilinganisha picha ya kiangazi na picha ya mvua utapata “uhamaji” ambao ni hali ya hewa tu. Mimi nilifuata ukingo, pale majani ya kudumu yanapoishia. Na kila makosa lazima yaandikwe. Tuseme kufunga picha kumekupa kosa la mita 12, mkono wako wakati wa kuchora mita 5, pikseli mita 10. Kila moja unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili: mita 16 hivi. Mto ukionekana umehama mita 14, basi nyamaza. Hujaona kitu.

Asista aliposoma sura hiyo akafurahi, lakini swali lake lililofuata ndilo liliongeza memwari yangu miezi minne. Akaniambia: “Unasema mto ilihama. Ilihama polepole ao iliruka?”

Kwa mwanajiografia hilo ni swali la matope. Kwa mpaka ni swali la kila kitu. Desturi ya sheria ya kimataifa, mkataba usiposema vingine, ni hii: mto ukila ukingo kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, mpaka unaufuata. Mto ukivunja na kuchukua njia mpya kwa ghafla, mpaka unabaki mu kitanda cha zamani, hata kikikauka, hata kikimea mahindi. Marekani na Mexico waligombana juu ya jambo hilo karibu miaka mia. Rio Grande ilisogea kusini kati ya El Paso na Ciudad Juárez, hasa kwa mafuriko ya 1864. Wasuluhishi walitoa uamuzi 1911, Marekani ikakataa, na kesi ya Chamizal ikamalizika kwa mkataba wa 1963 tu. Mwishowe walijengea mto mfereji wa saruji, ukae fasi moja kwa nguvu.

Afrika tunayo kesi yetu, na naomba wanasheria wa ukurasa huu waisome. Botswana na Namibia waligombania kisiwa kidogo mu mto Chobe, Kasikili kwa hawa, Sedudu kwa wale. Mkataba ulikuwa wa 1890, Waingereza na Wajerumani, na maneno yaleyale ya njia kuu ya mto na talwegi. Tarehe 13 Desemba 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa kisiwa kwa Botswana. Mu hoja zake mahakama iliangalia kina, upana, wingi wa maji, na pia picha za ndege zilizopigwa kati ya 1925 na 1985, zilizoonyesha kwamba njia zile hazikuwa zimebadilika sana. Picha ambazo rubani alipiga bila kufikiria kesi yoyote zilikuja kukaa mbele ya majaji.

Ila kamera haioni talwegi. Hicho ndicho kitu ambacho nilikuwa sijakifikiria kabisa. Picha inaonyesha uso wa maji, na mpaka wa 1915 uko chini ya maji. Unaweza kukisia, maana kwenye kona kina kirefu kinakaa upande wa nje, pale maji yanapopiga kwa nguvu. Lakini kukisia ni kukisia. Mstari wangu wa buluu, hata ukiwa safi kabisa, si mpaka. Niliandika sentensi hiyo kwa herufi nzito kwenye kila ramani ya memwari.

Na kuhusu polepole ao kuruka, bonde lenyewe linaweka kumbukumbu. Mto unakula ukingo wa nje wa kona na kuacha mchanga upande wa ndani, kila mafuriko mstari mmoja. Toka juu unaona mistari imepindana kama alama ya kidole gumba. Hiyo ni polepole. Lakini kona mbili zikikaribiana sana, mafuriko moja yanakata shingo, maji yananyooka, na kona ya zamani inabaki kama ziwa dogo la umbo la mwezi mchanga. Katikati ya mto mpya na ziwa lile hakuna mistari ya kidole. Pale iliruka. Mu picha zangu niliona zote mbili, wakati mwingine kwenye kilomita ileile. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama Semliki imehamisha mpaka, siwezi kujibu kwa neno moja. Namuuliza: kona gani?

Sababu? Hapa watu wanasema mengi. Habari za 2010 zililaumu barafu ya Ruwenzori inayoyeyuka. Barafu inayeyuka kweli: 1906 ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, na 2003 haikufika hata moja. Lakini ni ndogo mno. Waliopima maji upande wa Uganda walikuta kwamba maji ya barafu, mito ikifika chini ya mlima, hayafiki hata asilimia mbili. Mlima unaleta mvua, na mvua ndiyo inaleta mto. Mimi naangalia zaidi ukingo: udongo laini wa ziwa la kale, majani yaliyoliwa, kwato za ng’ombe wanaoshuka fasi moja kila siku. Na naangalia ziwa. Ziwa likipanda, mdomo wa mto unarudi nyuma, maji yanapunguza mwendo, mchanga unatua, mto unatafuta njia nyingine. Ziwa Albert lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama maziwa mengine ya Nili. Likapanda tena 2019 na 2020. Waliokuwa Kasenyi na Tchomia wanakumbuka nyumba zilizoingia maji.

Haya yote yangekuwa mambo ya maktaba kama hakungekuwa na petroli. Uganda ilipata mafuta upande wake wa ziwa 2006. Agosti 2007 risasi zililia juu ya maji, na Mwingereza aliyekuwa anafanyia kazi kampuni ya petroli akauawa. Kisiwa cha Rukwanzi, kule kusini mwa ziwa karibu na mdomo wa Semliki, mara moja kikawa jina la redio. Tarehe 8 Septemba mwaka huohuo marais Kabila na Museveni walitia sahihi makubaliano ya Ngurdoto, Tanzania, pamoja na ahadi ya kuweka alama za mpaka upya. Fikiria ile ramani yangu nyekundu ikizunguka mu simu mwaka ule.

Mwishoni mwa kazi nilishuka bondeni na picha zangu zimechapwa kubwa, nikafika kijiji kimoja cha wafugaji upande wetu. Wakanipeleka kwa mzee mmoja. Nilimsalimu, nikakaa, nikamwekea picha kwenye mkeka. Aliigeuza kwanza mpaka ziwa likawa mgongoni mwake, kama alivyokuwa amekaa yeye. Kisha kidole chake kikafuata mto bila kusitasita.

“Pale pa ile muti tulikuwa tunaogesha ngombe,” akasema. “Leo ile muti iko Uganda. Bado tunavuka, na wale ng’ambo banavuka kuja huku. Ni bashemeji zetu.”

Nikamwonyesha kona moja ambayo kwenye memwari nilikuwa nimeiandika “polepole”, kwa sababu niliona mistari ya kidole. Akatikisa kichwa.

“Hapana, kijana. Hapa iliruka. Usiku moja. Ulikuwa mwaka ziwa lilipanda, nyuma kidogo ya Uhuru. Asubuhi tukakuta ngombe zetu tatu ziko ng’ambo na hazikuogelea.”

Nyuma kidogo ya Uhuru, na ziwa limepanda: mwanzoni mwa miaka ya 1960. Picha zangu za ndege ni za kabla ya hapo, na Landsat ya kwanza ni ya 1972. Katikati kuna Corona, setilaiti za ujasusi za Marekani zilizopiga dunia kati ya 1960 na 1972. Zilitolewa siri 1995, na zile zilizokwisha kuskaniwa unaweza kuzishusha bure. Niliporudi Bunia nililipa mega, nikakesha usiku wawili kwa umeme wa jirani, nikapata picha moja inayofunika mdomo wa Semliki.

Bonde lote liko safi. Njia za ng’ombe zinaonekana. Juu ya kona ya mzee, kuna wingu.

Kwenye memwari nilifuta neno “polepole” pale, nikaandika: “Kwa ushuhuda wa mkaaji, mto uliruka, picha haziwezi kuthibitisha wala kukana.” Mjumbe mmoja wa juri aliniuliza kama maneno ya mzee ni data. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyekuwepo usiku ule, kamera haikuwepo. Walinikata pointi mbili.